Nimeambiwa ni stresi tu: nifanyeje daktari anichunguze tezi ya shingo na upungufu wa madini?

SWALI: Daktari shikamoo. Mi ni mwalimu, miaka 34, niko Morogoro, nina watoto wawili, wa mwisho ana miaka miwili na nusu. Tangu nimjifungue huyu wa pili sijawahi kuwa sawa, nachoka hadi nikitoka darasani nalala na viatu, nimeongezeka kilo 14, nasikia baridi wenzangu wakiwa wanajipepea, nywele zinakatika, choo napata kwa shida. Nimeenda hospitali mara tano. Nimepimwa malaria, taifodi, mkojo, sukari, vyote safi, isipokuwa taifodi wakaniambia ipo kidogo nikachomwa sindano siku tano. Niliomba kipimo cha thairoidi daktari akanambia nimesoma sana mtandaoni, hizo ni stresi za kazi. Sasa hivi natumia vitamini za nywele na sea moss niliyonunua kwa dada mmoja. Damu walipima ikawa 11.2 wakasema sio mbaya. Halafu hedhi siku hizi naenda siku nane nzito. Mama yangu alishawahi kupasuliwa goita zamani sijui kama inahusika. Nifanyeje nisikilizwe, na nipime nini?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na kitu cha kwanza ninachotaka ukijue ni kwamba hujifanyi na wala hujawa mvivu. Mtu anayelala na viatu ana kitu mwilini kinachotakiwa kutafutwa.

Ila nianze na jambo ambalo pengine hukulitegemea. Angalia ulivyoandika: umeanza na uchovu, ukaja uzito, nywele, halafu mwishoooni kabisa kama vile unaomba radhi ndio ukataja mama kupasuliwa goita (uvimbe wa tezi ya shingo), hedhi ya siku nane, na damu 11.2. Dada, hivyo vitatu ndivyo vilivyonifanya mimi nikae sawa kwenye kiti. Ukiongeza na lile la kwamba yote yameanza baada ya kujifungua unakuwa na mambo manne, na ningekuwa mimi ndio daktari wako, ukinitajia hayo manne kwenye dakika ya kwanza ningekushika shingo kabla hujamaliza sentensi. Uchovu peke yake hauwezi kufanya hivyo. Daktari wa OPD, kliniki ya wagonjwa wa nje, anasikia neno uchovu labda mara thelathini kwa siku, kwa watu wa kila aina, na kila mmoja wao amechoka kweli.

Siwatetei madaktari wenzangu, nakueleza hali ilivyo. Huduma zetu zimejengwa kuwahi homa. Mtu akija anaumwa mwili, mkono unaandika wenyewe: malaria, Widal, mkojo. Na hiyo Widal, kipimo cha taifodi ulichopimwa, inasoma kinga za mwili ambazo zinaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa kupona, au kutokea kwasababu ya vimelea vingine kabisa, kwahiyo "taifodi kidogo" bila homa mara nyingi sio taifodi, na sindano zile siku tano yawezekana kabisa hukuzihitaji. Tezi ya shingo, hiyo thairoidi uliyoomba kupimwa, ikilegea haileti homa, inakuja taratibu, mwaka mzima, mpaka hata mgonjwa mwenyewe anaamini ndio umri.

Mimi mwenyewe nilishakosea. Nikiwa bado mgeni kazini, hospitali ya wilaya, mama mmoja alikuja kwangu mara tatu na malalamiko kama yako nikampa vidonge vya damu na dawa ya maumivu akaondoka. Mara ya nne alikuja na binti yake, na yule binti ndiye aliyesema, "daktari, mama hakuwa na sauti hii." Ndio nikamsikia vizuri. Sauti nzito inakwaruza, uso umejaa, maneno yanatoka polepole. Damu ikapelekwa maabara ya mkoa, TSH, kipimo cha tezi ya shingo, ikarudi imeandikwa tu kwamba imezidi 100, wakati kawaida haizidi kama 4. Mama yule alikuwa ananiambia ukweli muda wote, ila mimi nilikuwa nasikia neno "nimechoka" tu. Aliyenifungua masikio ni mtu aliyeeleza MABADILIKO. Na hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza: usiende na jina la ugonjwa, nenda na mabadiliko yenye tarehe na namba.

Ukisema "nadhani nina thairoidi" umemuwekea daktari kitu cha kukubali au kukataa, na akiwa na foleni ya watu arobaini nje atakataa. Ukimwambia "kabla ya kujifungua nilikuwa kilo 62 sasa ni 76, nilikuwa natumia pedi tatu kwa siku sasa ni saba na usiku naamka kubadilisha" hapo hamna cha kubishana, ni taarifa, na taarifa inamlazimu afikiri. (Namba hizo nimeweka za mfano, wewe weka za kwako.) Kwahiyo kabla hujaenda tena jipe wiki moja. Asubuhi kabla ya chai kaa utulie uhesabu mapigo ya moyo dakika nzima, andika, rudia siku nne tano. Kama yanakaa chini ya 60 na wewe sio mkimbiaji, hilo ni la kutaja. Chukua kadi ya kliniki ya wakati wa mimba, pale uzito wako na damu yako vimeandikwa na tarehe zake, ni ushahidi ambao tayari unao ndani ya nyumba. Andika hedhi: siku ngapi, pedi ngapi, kuna mabonge au hamna. Tafuta picha yako ya miaka mitatu nyuma na ya juzi, uso hauongopi. Na simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, meza funda la maji huku ukiangalia chini ya koo, kama kuna kitu kinapanda na kushuka kama kivimbe, mwambie daktari akishike. Muulize na mama alipasuliwa mwaka gani, na kama baada ya pale anakunywa vidonge kila siku.

Ukifika sema hivi, na kama unaona aibu isome kwenye karatasi, hamna ubaya: "Daktari, tangu nijifungue miaka miwili na nusu iliyopita mwili wangu umebadilika, nimeandika hapa. Mama yangu alipasuliwa goita. Hedhi yangu ni nzito na damu ilikuwa 11.2. Naomba unishike shingo, na naomba tuangalie TSH, FBP (picha kamili ya damu) na ferritini (akiba ya madini ya chuma). Kama unaona havihitajiki, naomba unieleweshe unafikiria ni nini, na nikikaa wiki ngapi bila nafuu nirudi." Sentensi ya mwisho ndio muhimu kuliko zote. Haimvunjii heshima, haimfundishi kazi, ila inamfanya achague: aandike kipimo au atoe sababu. Mimi nikiulizwa hivyo sijui namna ya kujibu "stresi" nikalala vizuri. Na nenda na mtu, mume au dada yako, anayeweza kusema "huyu hakuwa hivi", umeona ilivyosaidia kwa yule mama.

Sasa vipimo. TSH watu wengi wanaielewa vibaya. Haitoki kwenye tezi ya shingo, inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamsha ile ya shingo ifanye kazi. Ifikirie kama mtu anayegonga mlango: aliyemo ndani akiamka haraka anagonga kidogo tu, akilala fofofo anagonga kwa nguvu. Ndio maana TSH ikiwa JUU maana yake tezi yako IMELEGEA, na wagonjwa wengi wanafurahi wakiona namba kubwa wakidhani homoni zimejaa. Maabara nyingi kawaida yao ni kama 0.4 hadi 4.0, inatofautiana kidogo, angalia iliyochapwa kwenye karatasi yako. Ikizidi 10, kwa kawaida tunatibu. Ikiwa katikati, tuseme 6 au 7, na FT4, yaani homoni yenyewe ya tezi, iko sawa, hapo usikubali kuanzishwa dawa ya maisha siku hiyohiyo, inarudiwa baada ya miezi miwili mitatu pamoja na kipimo cha kinga kinachoitwa anti-TPO, kwasababu saa zingine inashuka yenyewe. Hiyo anti-TPO inaonyesha kama kinga ya mwili ndiyo inayoishambulia tezi, ugonjwa ambao daktari wa Japani Hakaru Hashimoto aliuandika mwaka 1912 na mpaka leo unabeba jina lake.

Na kwanini nasisitiza kujifungua? Wakati wa mimba kinga ya mwili inapoa ili isimkatae mtoto, mama akishajifungua inaamka, na kwa baadhi ya akina mama inaamkia tezi. Miezi ya mwanzo unaweza kukonda, moyo unaenda mbio, halafu tezi inachoka na kulegea. Wengi inarudi ndani ya mwaka, wengine hairudi. Kote kote tunasema "uchovu wa kulea" na hamna anayepima. Na wewe una mama mwenye historia ya tezi, ingawa sijui goita yake ilikuwa ya aina gani, maana zamani sehemu kama Iringa, Mbeya na Rukwa goita nyingi zilitokana na ukosefu wa madini joto kwenye udongo na chakula, mpaka serikali ikawa inagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kuanzia miaka ya 1980 kabla chumvi yenye madini joto haijaenea.

Hapa niseme neno kwa mama mwingine atakayesoma hili ambaye hali yake ni tofauti na yako: kama ulitokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa hayakutoka, na hedhi haikurudi, basi TSH peke yake inaweza kukudanganya ikaonekana kawaida, kwasababu aliyeumia ni yule anayegonga mlango. Wewe omba FT4 pamoja na TSH na umwambie daktari kuhusu ile damu, usiache, na usianzishiwe dawa ya tezi kabla homoni ya kotisoli (cortisol) haijaangaliwa.

Turudi kwako. Nakwambia ukweli ambao pengine hutaupenda: inawezekana tezi yako ni nzima kabisa na tatizo ni madini ya chuma. Au yote mawili, maana yanashikana mikono. Tezi ikilegea hedhi inakuwa nzito, hedhi nzito inamaliza chuma, na chuma kikiisha kimeng'enya kinachotengeneza homoni za tezi kinapungukiwa kwasababu chenyewe kina chuma ndani yake. Unaona duara hilo? Ndio maana sikubaliani na "11.2 sio mbaya". Kwa mwanamke asiye mjamzito Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 12 ni upungufu wa damu. Sio wa kuongezewa damu, lakini ni upungufu, na una sababu, na sababu inatafutwa.

Tena Hb, yaani hiyo namba ya damu ya 11.2, ni kitu cha mwisho kushuka. Fikiria ghala na sufuria: Hb ni chakula kilichopo kwenye sufuria, ferritini ni mahindi ya ghalani. Ghala linaweza kuwa tupu muda mrefu wakati sufuria bado inachemka, na mtu anachoka, nywele zinakatika, anatamani kutafuna udongo wa pemba au barafu, na anaambiwa damu ipo. Ferritini chini ya 15 ghala limeisha, na sisi wengi tunaanza kutibu ikiwa chini ya 30. Ila ujue inapanda uongo ukiwa na homa au maambukizi, kwahiyo usipime wiki unayoumwa malaria. Na ikiwa chini, vidonge vya damu peke yake sio jibu, lazima mtu aulize damu inakwenda wapi: uvimbe kwenye kizazi, minyoo ya safura, vidonda vya tumbo. Siku nane nzito, omba ultrasaundi ya kizazi.

Vitamini B12 ningeipima kama una ganzi miguuni, ulimi unauma, huli nyama wala maziwa wala mayai, au unatumia metformin ya sukari muda mrefu, au FBP imeonyesha chembe za damu ni kubwa kuliko kawaida. Wenye Hashimoto pia huwa wanapata zaidi upungufu wake. Vitamini D, hapana, usianze nayo kama hela ni ya kubana, isipokuwa unajifunika mwili mzima na mifupa inauma. Madini joto kwenye mkojo usipoteze hata shilingi, kipimo kile kinabadilika siku hadi siku kwa mtu mmoja, kinafaa kuangalia jamii nzima. Wewe angalia tu chumvi yako: pakiti imeandikwa ina madini joto, unaihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na moto, na unaitia karibu na mwisho wa kupika. Kama nyumbani mnatumia chumvi ya mawe isiyo na maandishi yoyote, badilisheni.

Kwahiyo hela ikiwa ya kipimo kimoja kimoja, mi ningeenda hivi: FBP kwanza (Kenya wanaiita hemogramu), TSH, halafu ferritini, vingine baadaye. Zahanati hawatakuwa navyo vyote, hospitali ya rufaa ya mkoa au maabara kubwa ya binafsi ndio utavipata, na kama una bima uliza dirishani kwanza kama kinapita na kama lazima kiandikwe na daktari wa ngazi fulani, usije ukazungushwa siku nzima.

Sasa hizo vitamini za nywele. Hapa naomba unisikilize sana maana ndipo watu wanapoharibikiwa. Geuza kopo usome, utakuta bayotini, mara nyingi maikrogramu 5,000 au 10,000 wakati mwili unahitaji kama 30 tu kwa siku. Bayotini nyingi kwenye damu inachanganya mashine nyingi za maabara, TSH inasomeka chini kuliko ilivyo na FT4 juu kuliko ilivyo. Maana yake unaweza kuwa na tezi iliyolegea na karatasi ikasema uko salama, au hata ikasema tezi inakimbia, ukapewa dawa ya kinyume. Acha angalau siku mbili kabla ya kipimo, kwa dozi kubwa kama hizo mi nawaambia wagonjwa wangu waache wiki, na mwambie mtu wa maabara.

Na sea moss ni mwani dada. Mwani una madini joto, kiasi gani hamna anayejua maana kopo hadi kopo kinatofautiana, na mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku ambazo chumvi inakupa. Tezi iliyoanza kushambuliwa na kinga ukiimwagia madini joto mengi inaweza kulegea zaidi, au ikawashwa ikakimbia. Aliyekuuzia sidhani kama ana nia mbaya, lakini acha kwanza mpaka tujue tuko wapi.

Jingine ambalo hukuuliza: kama umewahi kutibiwa TB sugu, au unatumia dawa ya moyo ya amiodaroni au lithiamu, taja. Ethionamide ya TB sugu inalegeza tezi na wengi hawaambiwi.

Kuhusu kilo 14, niwe mkweli, tezi iliyolegea kwa kawaida inaleta kilo chache, mbili hadi tano hivi, na nyingi ni maji na chumvi. Kwahiyo hata ikigundulika na ukatibiwa, usitegemee zote ziondoke, na usije ukaongeza dozi mwenyewe kutafuta kukonda, moyo unakwenda kombo na mifupa inalika. Wala usinunue levothairoksini, dawa ya tezi iliyolegea, duka la dawa kwa kubahatisha hata kama muuzaji anakufahamu.

Ikigundulika kweli na ukaandikiwa hiyo dawa, inanywewa tumbo tupu kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, na kama umepewa na vidonge vya chuma au kalsiamu viachane kwa masaa manne maana vinaishika dawa isiingie. Vidonge vya chuma navyo usivinywee na chai, kunywa na chungwa. TSH inarudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, sio wiki mbili, kwasababu homoni yenyewe inachukua muda kutulia. Ukishika mimba nenda mapema sana, dozi kawaida inapanda.

Na kama huyo daktari akikataa tena? Muulize sababu kwa upole, mshukuru, kisha omba kuonana na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, au nenda kituo kingine ukiwa na karatasi yako ileile. Hujamkosea mtu. Sitakwambia usubiri kabisa kama shingo inavimba haraka, sauti imebadilika, unameza kwa shida, au ndugu zako wanaona unachanganyikiwa, mwili wa baridi, usingizi usioamshika. Hiyo ya kuchanganyikiwa, baridi na usingizi ni dharura, siku hiyohiyo, usiku huohuo.

Majibu yakitoka usikubali kuambiwa kwa mdomo "yako kawaida" ukaondoka. Omba karatasi au piga picha kwa simu: namba, kipimo chake, na kiwango cha maabara hiyo. Kisha niandikie tena, na uniwekee namba zenyewe, na tarehe uliyoacha zile vitamini za nywele.